Mkia wa Warusi

Wanaosema picha za sinema za zamani zilikuwa bubu hawakuwahi kuketi karibu na Thyra Winkel. Thyra alizisikia, tena alizisikia kwa macho. Alizaliwa Christianshavn, mtaa wa mifereji na moshi wa meli hapa Kopenhagen, na mama yake Oline alikuwa kiziwi tangu homa ilipomshika utotoni. Katika nyumba ya kiziwi kila mtu hujifunza kusoma midomo mapema, kama watoto wengine wanavyojifunza kushika kijiko, wala hakuna anayekusifu kwa hilo.

Baba alikuwa baharia. Alifia mbali, kampuni ya meli ikaleta rambirambi na kofia yake, basi. Oline akawalea Thyra na mdogo wake Ejnar kwa pasi ya makaa, akinyoosha mashati ya waungwana wasiojua hata jina lake. Nyumbani waliongea kwa mikono. Njiani watoto wa mtaa waliwaiga, wakirusharusha mikono hewani na kutoa ndimi, na Ejnar, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi, aliwatia adabu mmoja mmoja. Thyra hakupiga mtu. Alimeza. Watu wakamsifu kuwa ni msichana mtulivu, kumbe utulivu wenyewe ulikuwa hasira iliyokosa pa kutokea.

Picha zilipofika mjini, Oline alipata wazimu wa furaha. Maisha yake yote alikuwa amekaa nje ya mambo: kanisani aliangalia ndevu za mchungaji, sokoni alinyooshea vitu kidole. Sasa kumbe kuna nyumba moja mjini ambamo hata wenye masikio hawasikii kitu! Kila Jumapili mchana chama cha viziwi kilikamata safu ya mbele, wazee kwa vijana, na wakawa wanafaidi kuliko wote. Maandishi kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha yalisema, "Nitakupenda mpaka kaburini," na bwana amepiga goti mbele ya bibi, macho yamemlegea. Midomo ya bibi ilisema, "Inuka bwana, unanuka vitunguu." Safu ya mbele ikaanguka kwa vicheko, na waungwana wa nyuma wakafoka kwa hasira kwamba mabubu hawa hawana adabu, wanacheka penye kulia.

Thyra alipata kazi katika kampuni ya picha iliyoitwa Tai, huko Amager, ng'ambo ya mfereji. Alikuwa mkataji. Kutwa alikaa kwenye chumba chenye madirisha makubwa pamoja na wasichana wengine, amevaa glavu nyeupe za pamba, mkasi mkononi, chupa ya gundi mbele yake, akiunganisha vipande vya filamu. Kuvuta sigara kulikatazwa kabisa, maana filamu zile zilishika moto kuliko baruti. Mwenzake wa meza moja aliitwa Gudrun, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki.

Kazi ya pekee ya Thyra ilikuwa mikia. Kila picha iliyotoka Tai ilikuwa na mikia miwili. Watu wa hapa nyumbani, na Waingereza, na Wamarekani, walitaka wapenzi waoane mwishoni. Warusi hawakutaka upuuzi huo. Mrusi akilipa kiingilio anataka alie mpaka kola ilowe, kwa hiyo wapenzi walewale walipigwa picha tena, safari hii wakifa. Thyra alibandika mkia wa sukari kwenye kopi za huku na mkia wa Warusi kwenye kopi za kule. Asubuhi anaoza, mchana anazika.

"Wewe shoga ni zaidi ya mchungaji," Gudrun alimwambia. "Yeye akifungisha ndoa hawezi kugeuka akawaua bwana harusi na bibi harusi kabla ya chakula cha mchana."

Ejnar alikuwa fundi chuma katika karakana ya meli. Mchana mmoja alimletea dada yake mkate mweusi na samaki wa chumvi alivyovisahau nyumbani, na mwongozaji wa picha, Bwana Thorsager, akamwona uani. Akamzunguka kama mtu anayenunua farasi. Mabega yale! Taya lile! Mwezi haukuisha Ejnar akawa amevaa kanzu ya kiharamia, wasichana wa mji mzima wanamwandikia barua. Kichwa hakikumvimba. Aliendelea kulala kwenye kitanda chake cha jikoni na kumchotea mama yake makaa.

Tena alibuni mchezo wake mwenyewe. Katika kila picha, mahali fulani, aligeuza uso vizuri kwenye kamera na kumwambia mama yake neno. Kama yuko juu ya farasi akiwakimbia askari, alisema, "Mama, leo nataka supu ya njegere." Kama amemkumbatia malkia, alisema, "Mama, huyu bibi kanikanyaga kidole." Katika kiwanda hakuna aliyejali. Mwigizaji akisema lolote ni sawa, mradi mdomo uende. Ndivyo kazi ilivyokuwa: seremala anagonga misumari pembeni, mwongozaji anapiga kelele kwenye pembe yake ya bati, mwigizaji naye anatukana au anaimba au anahesabu kuku, na kila mtu amezoea kutomsikiliza mwenzake. Ila Jumapili, safu ya mbele, Oline alimsikia mwanawe, akapiga magoti yake kwa furaha na kuwageukia wenzake: mmeona? Ananiambia mimi!

Vuli ile Tai ilitengeneza picha kubwa, "Binti wa Mnara." Ejnar alikuwa nahodha wa wauza magendo, anayempenda binti wa mlinzi wa mnara wa taa. Kulikuwa na mapanga, kulikuwa na ngazi ya kamba dirishani, kulikuwa na busu kwenye mwanga wa taa, na mwishoni dhoruba na mashua iliyovunjika. Katika mkia wa sukari nahodha anaogelea na binti begani hadi ufukweni. Katika mkia wa Warusi anamsukumia binti kipande cha ubao, kisha anazama.

Mkia wa sukari ulipigwa mwezi wa tisa, maji yakiwa bado yanavumilika. Mkia wa Warusi ukaachwa mpaka mwezi wa kumi na moja, kwa sababu Bwana Thorsager alitaka mawimbi ya kweli. Alitaka na povu. Walimfunga Ejnar kamba kiunoni chini ya shati, ili akishazama wamvute. Wakampa na pombe kali kikombe kizima, apate joto. Kamera ilikuwa kwenye mashua ya jirani, karibu kabisa. Ejnar akazama kama alivyoagizwa, akaibuka, akazama tena, akaibuka anapiga mikono na kupayuka, na Bwana Thorsager akasimama na pembe yake ya bati: "Safi! Safi kabisa! Kufa polepole, kijana! Usiharakishe!" Aliendelea hivyo hadi filamu ikaisha ndani ya kamera. Ndipo wakavuta kamba, na kamba haikuja. Ilikuwa imenasa chini ya mashua na kumfunga miguu.

Polisi waliuliza maswali mawili matatu. Mashua nzima ilisema jambo moja: hakuomba msaada, hakutoa ishara, alikuwa akiigiza tu. Mwili ulinuka pombe. Basi ikaandikwa kwamba marehemu alikuwa amelewa, na biashara ikafungwa hapo. Pombe walimpa wao! Wakamnywesha wao, kisha wakamwita mlevi, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Bwana Thorsager alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Oline, kofia mkononi. Kama wafanyavyo wajinga wote mbele ya kiziwi, alimpigia kelele.

"Mama! Hakuteseka! Hakulia hata kidogo! Alikwenda kama mtu aliyelala!"

Oline alimsoma midomo, akamshika mkono, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa. Thyra alisimama karibu na jiko na kumeza. Naye aliamini. Angefanya nini? Hakuwepo kwenye mashua. Usiku wa mazishi alimrudia mama yake maneno yaleyale kwa mikono: hakulia, Mama, alilala tu. Oline akapata usingizi kidogo.

Kisha yakaja magazeti. Mji mzima ulikuwa unalizungumza jambo la kijana mzuri aliyekufa ndani ya picha, na wakubwa wa Tai wakanusa fedha. Mkutano ukaitishwa. Likatoka agizo: safari hii na watu wa nyumbani watapewa mkia wa Warusi. Matangazo yakabandikwa hadi kwenye milango ya maduka ya mikate: "Tazama pumzi za mwisho za Ejnar Winkel." Na filamu yenyewe ikaletwa kwenye meza ya Thyra, kwa sababu mikia ni kazi ya Thyra, na hakuna aliyefikiria kumpa mtu mwingine. Sijui niseme walikuwa wakatili au walikuwa hawana akili. Nadhani hawakumwona tu. Msichana wa glavu ni sehemu ya meza.

"Nipe mimi," Gudrun alinong'ona. "Shoga, nipe, nitabandika mimi, wewe nenda kajifanye unaumwa."

"Acha."

"Thyra, hiyo si kitu cha kutazama."

"Nimesema acha."

Aliweka utepe wa filamu juu ya kioo chenye taa, akashika lenzi yake, akaanza kuuvuta taratibu. Picha ndogo moja, nyingine, nyingine. Bahari nyeupe, maana kwenye filamu ile ya kwanza inayotoka ndani ya kamera vyeusi ni vyeupe na vyeupe ni vyeusi, na uso wa mdogo wake mweusi kama masizi. Lakini mdomo ni mdomo. Alimwona akiibuka. Alimwona akigeuza uso kwenye kamera, vizuri kabisa, kama alivyozoea kufanya kila akitaka kusema na mama yake. Na akamsoma.

"Kamba! Bwana Thorsager, kamba!"

Wimbi. Kisha tena: "Siigizi! Vuta! Siigizi!"

Wimbi. Kisha akaibuka kidogo tu, mdomo umejaa maji, na bado akasema, "Siigizi."

Thyra aliurudisha utepe nyuma, akasoma upya, akaurudisha tena. Gudrun alisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa mkavu kama chokaa. Akavua glavu, akazitupa chini, akapanda ngazi hadi ofisi ya mwongozaji, wala hakubisha hodi.

"Alikuita," alisema. "Alikuita kwa jina lako."

Bwana Thorsager alikuwa anakunywa kahawa. "Nani aliniita, binti?"

"Ndugu yangu! Alisema kamba. Alisema haigizi. Alisema mara tatu! Nimeyasoma kwenye filamu yako, wewe uliyekwenda kumwambia mama yangu kwamba alilala!"

Kahawa ikatua juu ya sahani. Mtu yule alibadilika rangi, Thyra aliona, na kwa kitambo kidogo alidhani ataomba radhi. Hakuomba. Alinyanyuka akafunga mlango.

"Keti."

"Siketi."

"Basi simama. Sikiliza, Bi Winkel. Una majonzi, nami nayaheshimu. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na mawimbi, nami nilikuwa na kazi. Waigizaji wangu wote wanapayuka. Juzi bibi mmoja alikufa kwa sumu huku akitaja bei ya viazi. Ningejuaje?"

"Ungesikiliza!"

"Hii ni picha. Picha haisemi." Alilisema polepole, kama anamfundisha. "Na mbele ya polisi haitasema. Utawaambia nini? Nimesoma midomo? Watakucheka mpaka barabarani. Sasa, ili tusimpe mtu yeyote karaha, utakata. Acha anavyozama, hapo pazuri. Lakini kuanzia anapofungua mdomo mpaka anapoufunga, kata na uchome. Umenielewa? Na kazi yako itakuwepo."

Thyra alishuka ngazi kwa hasira. Lakini niseme kweli, maana hakuna faida ya kumpaka mtu mafuta akishakuwa maarufu mtaani: hata yeye alitaka kukata. Hakuwaza haki wala polisi. Aliiwaza safu ya mbele. Jumapili ya onyesho la kwanza Oline angekuwa pale na chama chake chote, akingojea mwanawe amwambie neno, na neno lenyewe lingekuwa hili. Heri akate. Heri mama abaki na ule uongo wake mdogo wa usingizi. Aliukunja utepe, akaufungia kwenye bati lake, akaenda nyumbani kwanza.

Oline alikuwa anapiga pasi. Alimtazama bintiye mara moja tu, akaweka pasi pembeni.

"Kuna nini?" aliuliza kwa mikono.

"Hakuna. Mama, Jumapili usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Usiende tu."

"Ejnar yumo. Nitakwenda."

Thyra alijaribu kuzunguka huku na huku, lakini kumdanganya mtu aliyezoea kukusoma uso tangu uzaliwe ni kazi bure. Mwishowe mikono yake ikasema yote: kamba, jina la Thorsager, siigizi. Akasema na kwamba hakulala, kwamba alimdanganya bila kujua, kwamba sasa atakata kipande kile na kukichoma, na mama asiwe na wasiwasi, hatakiona kamwe.

Alitegemea mama ataanguka kwenye kiti. Oline hakuanguka. Alifura. Damu ilimpanda usoni hadi masikio yale yasiyo na kazi yakawa mekundu. Akapiga meza kwa kiganja, shati la mwungwana fulani likaruka na kuanguka sakafuni, akalikanyaga.

"Ukate?" Mikono yake ilikwenda kasi hata Thyra akashindwa kuifuata vizuri. "Ukate? Wewe nani? Maisha yangu yote mnanichagulia! Daktari alimwambia mama yangu, mimi sikuambiwa. Mchungaji alimwambia shangazi, mimi sikuambiwa. Mume wangu alikufa mkanyamaza siku nzima mkitazamana, mnadhani kiziwi ni kipofu! Ejnar peke yake ndiye aliyekuwa anasema na mimi mbele ya watu. Kila picha alinigeukia. Na hii amenigeukia, na wewe unataka kumziba mdomo?"

"Mama, anakufa..."

"Najua anakufa! Nimemwosha mimi!" Alishika mabega ya bintiye, akayaachia ili aweze kusema. "Kwenye mashua ile wote walikuwa na masikio. Wote! Hakuna aliyemsikia. Basi niache mimi nimsikie."

Thyra alirudi kiwandani kesho yake, akabandika mkia. Hakukata hata picha moja. Gudrun, aliyepaswa kukagua maungio yake, alipitisha utepe mzima mbele ya lenzi, akafika pale mdomo ulipofunguka, akaendelea kupitisha. "Sijaona kitu," alisema kwa sauti chumba kizima kisikie. "Kazi safi." Bwana Thorsager hakuja kuangalia. Aliuliza mlangoni tu, "Tayari?" akajibiwa, "Tayari," akaenda zake kushonesha koti la sherehe. Hakuwahi kufikiri kwamba msichana anayeogopa kufukuzwa anaweza kutofanya alichoambiwa.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi milangoni. Mabibi walikuja na leso mpya. Bwana Thorsager alikaa kwenye kiti cha pembeni karibu na kitambaa, maua mapajani, tayari kupanda jukwaani mwishoni. Safu ya mbele ilikuwa ya viziwi, wamevaa nguo za kanisani, na Oline katikati, na Thyra ubavuni mwake. Thyra alikuwa ameushika mkono wa mama yake hata hakujua anauminya.

Mapanga yalipita, ngazi ya kamba ikapita, busu likapita na ukumbi ukapumua. Dhoruba ikaja. Mpiga kinanda akaanza wimbo wa huzuni, laini, unaobembeleza, na nyuma leso zikatoka. Nahodha alimsukumia binti ubao. Akazama, akaibuka. Akageuza uso.

Oline alisimama.

Huko shuleni, zamani, walimu walikuwa wamemfunga mikono na kumlazimisha kutoa sauti. Walimfundisha maneno kwa kumwekea vidole kooni na rula kwenye viganja. Alipotoka na kwenda kuomba mkate kwa sauti ile, duka zima lilicheka, na tangu siku hiyo aliifungia. Watoto wake hawakuijua. Sasa aliitoa. Ilikuwa sauti pana, nzito, isiyojua juu wala chini, kama mbao zinazopasuliwa, na ilikwenda sambamba na midomo ya mwanawe, neno kwa neno.

"Kamba! Bwana Thorsager, kamba!"

Kinanda kikasita. Watu wakainuka kuangalia ni nini.

"Siigizi! Vuta! Siigizi!"

Safu nzima ya viziwi ilikuwa imesimama. Nao wameyasoma, nao wameyaelewa, na wakaanza kupiga sakafu kwa visigino, pamoja, mpaka vioo vya taa vikatetemeka. Bibi mmoja wa leso alipiga ukelele. Wengine waliziba masikio. Walikuwa wamelipa kumwona mtu akifa, sasa kumsikia kuliwashinda! Bwana Thorsager aliruka, maua yakamwagika, akawa anapunga mikono kuelekea kule nyuma juu na kufoka, "Zima! Zima mashine!" Lakini mzungusha mashine alikuwa amejifungia ndani ya kibanda chake cha bati, mashine inamlia masikioni, akiona watu wamesimama alidhani wamependezwa. Akaendelea kuzungusha.

"Siigizi," Oline alisema mara ya mwisho, kidogo kidogo, kama aliyejaa maji mdomoni. Kisha bahari ikawa tupu juu ya kitambaa, na ukumbi mzima ukawa unamtazama mtu mmoja mwenye koti jipya.

Ningependa kusema kwamba alifungwa. Hakufungwa. Polisi walimpokea Oline kwa heshima, wakampa kiti, wakamsikiliza Thyra akiwafasiria, kisha wakasema midomo si ushahidi na aliyeisoma ni mama wa marehemu, jambo ambalo si haki kwa mshtakiwa. Haki kwa mshtakiwa! Kiwandani Thyra alifukuzwa kazi kabla hajavua koti. Tai walikata kipande kile kwenye kopi zote, wakabandika mkia wa sukari, na huko mikoani watu walimwona Ejnar Winkel akitembea ufukweni na bibi harusi begani, mzima wa afya. Bwana Thorsager alihamia Berlin, na nasikia aliendelea vizuri tu. Kwenye picha zake za huko, wanasema, alikataza waigizaji kufungua midomo ovyo.

Siku waliyotoka kwa polisi mara ya mwisho, Thyra alifika nyumbani akavunja. Alivunja sahani, akavunja na kikombe alichokipenda, akapiga teke ndoo ya makaa. Miaka yote ya kumeza ilimtoka siku hiyo kwa mkupuo. Oline alikaa kwenye kiti cha jikoni akimwangalia, hakumzuia. Alingoja mpaka bintiye akachoka na kukaa sakafuni katikati ya vigae. Ndipo akamgusa bega ili amtazame.

"Niambie," aliuliza kwa mikono. "Siku ile. Sauti yangu ilikuwa mbaya?"

Thyra alimtazama. Angeweza kumwambia ilikuwa nzuri. Ndivyo walivyokuwa wakimwambia maisha yake yote.

"Mbaya sana, Mama," akajibu. "Ilikuwa inatisha. Watu waliziba masikio."

"Waliziba?"

"Waliziba."

Oline aliitikia kwa kichwa polepole, akainama kuanza kuokota vigae.

"Basi walisikia," alisema.